Kisiki Aliyekalia Mzigo wa Breki

Asiyeamini habari hii na aende kwanza akatoe doa la wino kwenye shati jeupe. Akirudi atakuwa amejifunza kungoja, na anayejua kungoja hataona ajabu kwa lolote litakalosemwa hapa.

Alikuwapo dobi mmoja, mwanamke wa makamo, mikono imelainishwa na sabuni hadi viganja havikubaki na mstari hata mmoja. Mtazama viganja angeishika mikono ile akaomba radhi na kwenda zake. Mtaa mzima ulimwita Kisiki. Mumewe alimwita Kisiki. Watoto wakileta sare zao walisema, "Shikamoo, Mama Kisiki," naye akaitika marahaba kana kwamba jina hilo alikuja nalo toka tumboni. Kumbe alipewa na watu ambao hakuwahi kuwatia machoni, mahali ambapo mtu hafiki kwa miguu wala kwa gari.

Duka lake la kufulia lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kaunta, nyuma mabeseni na mashine za kufua, katikati meza ya pasi, na juu kamba zilizovuka toka ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba mteja aliingia ameinama chini ya suruali za watu kama anayeingia pangoni. Wafanyakazi walikuwa wawili: Kisiki, na wifi yake, mdogo wa kike wa mumewe. Kisiki alikuwa bingwa wa kuloweka na kutoa madoa. Wifi alikuwa bingwa wa pasi, na kasi yake haikuwa ya kawaida. Siku moja alinyoosha shati la bwana mmoja na bwana mwenyewe bado yumo ndani. Yule bwana alikuwa na kibiongo tangu utotoni. Alitoka pale amesimama wima kama mlingoti, na hadi leo analeta wageni.

Sasa kwenye kona ya dirishani, mahali pazuri kuliko pote, penye mwanga na upepo na soketi ya umeme, iliketi kompyuta. Si hizi za siku hizi nyembamba kama kipande cha sabuni. Ilikuwa ile ya zamani, skrini yenye kisogo kama cha mtoto mchanga, na ndani yake feni iliyonguruma kama paka aliyeshiba. Ilikuwa haizimwi, mchana wala usiku. Kwenye skrini alionekana mwanamke mdogo ameketi juu ya jiwe, pembeni mwake gunia. Hatikisiki. Wateja wageni walidhani ni picha ya kalenda.

Wifi aliitaka kona ile kwa moyo wake wote. Hoteli ya jirani ilikuwa imeanza kuwaletea mashuka, marundo kwa marundo, na meza moja ya pasi haikutosha.

"Wifi yangu," alisema, pasi mkononi, "hii mashine itaondoka lini?"

"Siku Breki atakapochukua mzigo wake."

"Breki alishakufa huyo."

"Aliyekufa mchezoni hurudi. Ndiyo raha yake."

Ili mambo yaeleweke, lazima turudi nyuma kidogo. Zamani Kisiki alikuwa msichana wa kupiga deki kwenye duka la intaneti. Akimaliza sakafu, mwenye duka alimruhusu akae kwenye mashine ya mlangoni, ambayo wateja hawakuitaka kwa sababu jua liliipiga usoni. Hapo ndipo alipoingia Bondeni.

Bonde ulikuwa mchezo wa mtandaoni ambao watu wa kila upande wa dunia waliingia, kila mmoja na umbo alilojichagulia: huyu mpiga upinde, yule mganga, yule mbeba ngao. Haukuwa na ramani wala mshale wa kukuonyesha njia. Ukitaka kujua pango liko wapi, ulimuuliza mtu, na huyo mtu angeweza kukudanganya ukatembea mpaka ukatokea upande wa pili wa dunia. Ukiuawa, uliamkia kisimani, mbali kule, uchi kama kiazi kilichomenywa, na mzigo wako umebaki palepale ulipoangukia. Na mzigo ukikosa mtu wa kuukalia, ulitoweka kwa muda wa kikombe cha chai kupoa.

Kwa hiyo watu wa Bondeni wakajiwekea desturi yao. Ukikuta mzigo wa mtu, unaketi. Huuchukui, huupekui, unaketi mpaka mwenyewe afike kwa miguu toka kisimani. Na katika waketi wote hakutokea kama yule binti wa kupiga deki. Joka lilimjia, likampumulia moto hadi chai ya jirani ikachemka upya, hakuinuka. Likampumulia mara ya pili. Akalitazama. Joka likaona haya, likajikohoza kama mtu aliyekosea mlango, likaenda zake. Tangu siku hiyo wakamwita Kisiki.

Mwenzake mkubwa alikuwa Breki, mbeba ngao. Kwa kazi alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na mchezoni alikuwa na tabia moja: kabla ya kufungua mlango wowote aliandika, "Shikeni breki," akawahesabu watu wake wote, ndipo akafungua. Siku moja, kwenye kinamasi cha kaskazini, chura mkubwa kama nyumba ya ghorofa alimmeza, akamtema amekufa. Breki akaandika, "Kisiki, kaa, narudi." Kisha mtandao wa huko alikoegesha lori ukakatika. Hakurudi.

Kisiki akakaa. Kesho yake akakaa. Akachumbiwa amekaa, akaolewa amekaa. Duka la intaneti lilipofungwa, mwenyewe akampa ile mashine iwe zawadi ya harusi, na hapo ndipo mtaa ulipoona jambo ambalo haujalisahau: Kisiki amekumbatia skrini, bwana harusi amebeba kasha la mashine begani, wanakimbia toka duka la intaneti hadi duka la kufulia, na nyuma yao jirani anakimbia na kikombe cha chai mkononi, akichungulia na kupiga kelele, "Bado inatoa moshi! Kazeni mwendo! Bado inatoa moshi!" Wakawahi. Mzigo ukaokoka. Bwana harusi aliwaambia marafiki zake kwamba ameoa mke na gunia, na gunia ndilo mke mkubwa.

Hiyo ndiyo mashine aliyotaka wifi iondoke.

"Na huo unauita mchezo?" wifi aliendelea, akigeuza kola. "Unatembea tangu asubuhi kumtafuta chura. Ukifa unavuliwa nguo. Mimi wangu nikiufungua, mshale unaniambia pita hapa, ua yule, chukua hiki. Nikifa nainuka na kila kitu changu. Maji hayajachemka, nimemaliza, narudi kwenye kola."

"Umecheza na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Watu tu! Nitajuaje?"

"Basi umecheza na mshale."

"Wifi, nikwambie ukweli?" Pasi ikawekwa wima. "Wewe huukumbuki mchezo. Unakumbuka kiuno chako. Enzi hizo ulikuwa na kiuno, sasa unadhani kimebaki huko Bondeni."

Kisiki alicheka mpaka akakalia beseni la wanga, na sketi yake ikakauka jioni imesimama yenyewe kama kengele.

"Kiuno kipo, wifi yangu. Nimekifunika tu, wivu usije ukakuua."

Lakini maneno ya wifi yalikuwa na mfupa ndani yake. Fundi seremala alikwisha agizwa meza ya pili. Mashuka yalifika hadi darini. Na mumewe, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alianza kuitazama ile kona kwa jicho la mtu anayepima godoro.

Ikawa siku moja wifi anapiga pasi mapazia na kulalamika, kama kawaida yake, kuhusu kundi lake la mchezoni. Mchezo wake uliitwa Mwako, alicheza kwenye simu, na kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi walimfanya kiongozi.

"Kuna mzee mmoja anatuchosha," alisema. "Tukifika mlangoni, 'Shikeni breki.' Kila mlango, 'Shikeni breki.' Anataka tuhesabiane kama kuku! Vijana wanamtukana, yeye wala hajali."

Mkono wa Kisiki ukasimama ndani ya povu.

"Ana ngao?"

"Anayo."

"Mkono wa kulia? Upanga kushoto?"

Wifi akainua pasi. "Umejuaje?"

"Huyo ana mzigo wangu. Yaani, mimi nina mzigo wake. Niitie!"

"Haitiki mtu kule. Maneno yanapita kama moshi, hakuna anayesoma. Ukitaka mtu, nenda mwenyewe."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

Wifi akamtazama kichwa hadi nyayo, akaona soko limefunguka. "Haya. Jumapili hii fundi analeta meza. Likizama jua huyo dereva wako hajachukua gunia, naizima hii mashine kwa kidole changu mimi."

"Na akilichukua?"

"Akilichukua, mashuka yote ya hoteli nayapiga pasi mimi peke yangu mpaka mwezi uishe, na mashine ikae hapo iote mizizi."

"Kunywa maji mengi, wifi yangu. Pasi hukausha koo."

Jumapili baada ya chakula cha mchana duka lilifungwa kwa wateja. Wifi alimkabidhi Kisiki simu yake ya zamani yenye ufa katikati, akamwingiza Mwako, mwenyewe akabaki na ile mpya. Mchezo ukamtaka achague nyusi. Zilikuwa nyusi nyingi kuliko watu wa mtaani. Kisiki akachukua za kwanza. Mara taa zikawaka, tarumbeta zikalia, maandishi ya dhahabu yakamwambia: HONGERA!

"Hongera ya nini? Sijafanya kitu."

"Ndivyo kulivyo. Twende, mlango unafunguka!"

Mbio zikaanza. Kisiki alijaribu kusalimia. Aliandika "Habari za huko" na alipoinua kidole kundi lilikuwa limeshapita daraja, limeua nyoka, na linagawana zawadi. Palikuwa pazuri, hilo hakulikana. Maji yalimeta, majani yalitikisika moja moja, na manyoya ya mbwa mwitu yalionekana laini hadi ukatamani kuyaloweka. Bonde halikuwa hivyo. Kule mti ulikuwa vijiti viwili na doa la kijani. Lakini alipita katika uzuri ule kama mtu anayepitishwa dukani kwa kukimbizwa.

Akamwona Breki. Ngao kulia, upanga kushoto, kiunoni mnene zaidi kuliko zamani. Kisiki akaanza kuandika: Breki, mzigo... Mshale ukamsukuma. Akafuta, akaanza upya. Mlango mwingine.

"Shikeni breki," Breki akaandika.

"Pita, mzee!" wakamjibu, wakamsukuma mbele, na zimwi la moto lililokuwa nyuma ya mlango likampiga rungu moja. Breki akaanguka chini.

Hapo Kisiki hakufikiri. Mkono uliozoea haumuulizi mwenye mkono. Akakimbia hadi pale alipoangukia Breki, akatafuta kitufe cha kuketi, akaketi.

"Wifi!" Sauti ilitoka nyuma ya mashuka. "Wewe unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Umekalia nini? Hapo hapana kitu! Mzigo wake ameondoka nao!"

"Nimeshakaa, wifi."

"Zimwi linakupiga!"

"Naliona."

"Inuka, tunashindwa! Inuka, nakuomba, kwa jina la kaka yangu!"

Lile zimwi lilimpiga Kisiki, likampiga tena, na watu wakaandika maneno ambayo hata mashuka ya hotelini yaliona aibu. Kundi likashindwa. Kabla wifi hajafungua mdomo, wale wengine wakapiga kura na kumtoa Kisiki nje ya mchezo kama mtu anavyotoa kokoto kwenye mchele. Skrini yenye ufa ikabaki nyeusi.

Wifi akatokea kati ya mashuka, jasho linamtiririka. "Umeridhika? Umetuaibisha, na dereva wako hukumwambia hata neno moja."

Nje, fundi alikuwa akishusha meza mpya toka kwenye mkokoteni. Kisiki aliitazama meza, akalitazama jua lilivyoegemea paa la jirani, akafunika ule ufa kwa kidole gumba.

"Nimemwambia," alisema.

"Umemwambia nini?"

Simu ya wifi, ile nzima, ikalia. Ujumbe, toka namba asiyoijua; ya kiongozi kundi zima walikuwa nayo. Wifi akausoma kwa sauti, pole pole, kama anayesoma jina lake gazetini:

"Kiongozi, samahani. Huyo mtu aliyekaa pale nilipoanguka. Ni Kisiki?"

Kisiki akampokonya simu. Safari hii hakuna mshale uliomharakisha, akaandika herufi kwa herufi: Breki, mzigo wako bado upo.

Jibu likaja: Mzigo upi?

Wa kinamasini.

Breki: Acha utani. Sikurudi kwa sababu nilijua mzigo umeshapotea. Nirudie nini?

Njoo uone. Jua linazama.

Breki alikuwa nyumbani kwake, mapumzikoni, na binti yake alikuwa na kompyuta. Neno la siri alilikumbuka, lilikuwa namba ya lori lake la kwanza, na dereva husahau siku ya ndoa lakini hasahau namba ya lori. Punde akaamkia kisimani, uchi kama kiazi, akaanza kutembea. Maandishi yake yakawa yanapita chini ya skrini yenye kisogo: "Nimepita daraja." "Nimepotea." "Nimerudi darajani." "Kisiki, njia hii ilikuwa ndefu hivi siku zote? Kwa nini tuliipenda?"

"Kwa sababu tulikuwa tunasengenya watu njiani," Kisiki akamjibu.

Wifi alisimama nyuma yake, pasi imepoa mkononi, hata haikumbuki. "Anakwenda wapi huyo? Mwambie ashike kushoto! Kushoto, baba!"

Na hapo umeme ukakatika.

Feni ya mashine ikanyamaza. Kisiki akashika betri ya akiba iliyokuwa chini ya kaunta, akaunganisha, kimya. Ilikuwa imekufa, na haikumuaga mtu. Mlangoni fundi alikuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa kikombe cha chai na mume wa Kisiki, kwa ajili ya kazi ya kubeba meza.

Sasa wifi angeweza kukaa kimya. Jua lilikuwa linazama, mashine imejizima yenyewe, meza iko mlangoni. Kidole chake hata hakikuhitajika. Badala yake aliruka juu ya rundo la mashuka kama swala.

"Fundi, usinywe hiyo chai! Ishike tu, utwambie ikipoa! Kaka! Fungua boneti ya gari!"

"Kuna nini? Moto?"

"Kuna mtu anatembea!"

Kaka mtu hakuelewa, ila alikuwa ameoa gunia zamani, akafungua. Wifi alichomoa betri ya gari la kusambazia nguo kwa mikono miwili, akakimbia nayo ndani, mafuta yakimchafua blauzi aliyoipiga pasi asubuhi. Wakaunganisha. Mashine ikakohoa. Kisanduku cha mtandao kikawaka taa moja, ikazima, ikawaka.

"Wifi ya ukutani na wifi ya nyumbani," Kisiki alisema, "leo zote zina nguvu."

"Bonyeza, acha maneno!"

"Inatoa moshi kidogo sana," fundi akatangaza toka mlangoni, macho kikombeni, amejawa na wajibu. "Kidogo sana, mama. Kama uzi."

Skrini ikafunguka. Kinamasi. Jiwe. Gunia lilikuwa limefifia, unaona majani kupitia kwake. Kisiki akaketi. Gunia likarudi kuwa gunia.

"Imepoa," akasema fundi.

"Kunywa, baba. Asante."

Na toka kwenye ukungu, upande wa kushoto, akatokea kiazi kilichomenywa kikitembea. Kilisimama mbele ya jiwe. Kule Bondeni nasikia ndege walikuwa wamemjengea Kisiki viota kichwani, na vifaranga vyao vilikuwa na wajukuu.

"Wewe mwanamke ni kichaa," Breki akaandika.

"Umechelewa."

"Barabara ilikuwa mbaya."

Akafungua gunia. Wifi akainama karibu na skrini hadi pua ikaugusa mwanga. Ikatoka kamba. Ikatoka ngao yenye tundu. Akatoka samaki mkavu. Ikatoka kofia ya ngozi ya chura, ya kijani, mbaya kupita maelezo.

"Hivyo tu?" wifi akapiga kelele. "Miaka yote hii, kwa samaki?"

"Ulidhani dhahabu?" Kisiki akasema. "Dhahabu ningeikalia ya nini?"

"KOFIA YANGU!" aliandika Breki, akaivaa, akaruka pale alipo. Kisha: "Simama basi. Yule chura bado ana deni langu. Na tukifika mlangoni kwake, shikeni breki."

Hapo Kisiki alitazama kibodi, akageuka kumtazama wifi yake. "Ya kusimama ni ipi? Nimesahau."

"Hiyo ya juu! Hiyo! Ee Mungu, mpaka nimejua mimi!"

Akasimama. Wakaenda kwa chura. Mkono uliokaa muda wote huo ulikuwa na kutu. Chura alifungua mdomo mara moja tu na Kisiki akaamkia kisimani, mbali kule, hana hata kitambaa. Chini ya skrini maneno yakaja:

"Nimekaa, Kisiki. Njoo taratibu."

Kisiki akacheka, akakunja mikono ya blauzi. Akamwita mumewe aipandishe mashine kwenye rafu ya juu, ilipokuwa inakaa sabuni, waya unafika. Fundi akaingiza meza mpya chini yake, dirishani, penye mwanga. Umeme uliporudi wifi alichomeka pasi, akavuta shuka la kwanza la hotelini, jicho moja kwenye shuka, jingine juu kwenye kofia ya kijani.

"Wifi, si uanze kutembea? Mwenzio anangoja."

"Ngoja nisuuze haya kwanza," alisema Kisiki, mikono ikizama kwenye beseni. "Haraka ya nini? Mzigo wangu una mtu."